Kufunga Koili

Katika Kiswahili cha gereji, kifaa hakiwekwi garini wala hakipachikwi, hufungwa. Fundi hufunga betri, hufunga kabureta, hufunga taa. Kitenzi hicho ni kile kile kinachofunga mlango, mzigo, ndoa, saumu na safari, na ndicho kinachomtia mtu gerezani na kuiliza timu iliyoruhusu mabao. Mfasiri akikabidhiwa sentensi fupi, "koili imefungwa," aipeleke katika lugha nyingine, huenda akalazimika kuuliza kwanza: imefungwa kwa bolti, au imefungwa kwa waya? Kiswahili hakimlazimishi msemaji kuchagua. Humwachia nafasi. Na katika nafasi hiyo, mwaka 2012, mzee mmoja wa Kibiti aliweka jambo ambalo hakutaka lipotee.

Kibiti iko kiasi cha kilomita 130 kusini mwa Dar es Salaam, katika barabara iendayo Lindi na Mtwara. Mwaka ule ilikuwa bado ni sehemu ya Wilaya ya Rufiji. Wilaya yenye jina lake ilikuja baadaye. Tangu Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilipofunguliwa mwaka 2003 na kukomesha foleni za kivuko cha Ndundu, msafiri wa kusini huweza kuipita Kibiti na kuuvuka mto Rufiji bila hata kukatisha usingizi wake. Lakini aendaye deltani huiacha barabara kuu. Kwa mwenda Nyamisati, njia huchepuka pale Bungu, kaskazini mwa Kibiti, ikashuka mashariki kiasi cha kilomita 40, ikipita mikorosho na minazi, hadi harufu ya tope la mikoko impokee mgeni kabla hajayaona maji. Huko ndiko mashua za Mafia hutia nanga, na huko hukutana watu wa visiwa vya deltani, wenye kamba na kaa wao, na watu wa bara wenye unga na sukari.

Mzee huyo alikuwa na pikapu, Toyota Hilux ya petroli ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ya zama ambazo cheche ya injini ilikuwa bado ikiamriwa na pointi mbili ndogo za chuma ndani ya distributa. Nyuma aliitilia mabenchi mawili ya mbao yanayotazamana na paa la turubai, kama zilivyokuwa zile chai maharage za Dar es Salaam ya zamani. Na yeyote aliyewahi kupanda gari la abiria la mbao huko Unguja hahitaji kuchorewa picha. Asubuhi gari lilishuka na barafu, saruji na mafuta ya taa. Jioni lilipanda na kamba, nazi, wagonjwa na wageni wa harusi. Ratiba yake haikuandikwa popote. Ilifuata maji kujaa na maji kupwa.

Masika ya mwaka ule gari likaanza kumisi. Neno hili ni la mafundi, na halina mbadala ambao fundi ataukubali. Injini humisi pale silinda moja inapokosa cheche kwa wakati wake, mwendo ukawa wa kujikwaa, kama shairi ambalo msomaji wake ameruka mizani mbili katika kila mshororo. Asili yake ni Kiingereza, na kutoka katika kitenzi hicho hicho cha Kiingereza vijana wamechukua neno jingine la kuambiana katika simu: nimekumisi, yaani nimekukosa, nina hamu nawe. Mzizi mmoja umeingia Kiswahilini kwa milango miwili, mmoja wa gereji na mmoja wa moyoni, na mara chache sana waliopita mlango mmoja hukutana na waliopita mwingine.

Kijana wa mzee alikuwa Muscat, mwaka wa sita bila kurudi nyumbani. Alifanya kazi katika gereji ambako vijana wenye uwezo hupeleka magari yao yaongezwe nguvu kwa ajili ya kupanda vilima vya mchanga. Kila Ijumaa baada ya sala alipiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo na kazi?"

"Sijambo, baba. Habari za hapo?"

"Nzuri tu. Gari ndilo linamisi. Halina nguvu kama zamani."

Huko Muscat, neno lililosikika zaidi lilikuwa nguvu. Wiki chache baadaye ikafika koili: nyekundu, nzito, iking'aa kama pete ya bibi harusi, na juu ya boksi lake imeandikwa volti 45,000. Ilikuwa ni koili ya magari ya mashindano.

Njia iliyopitia koili hiyo ni njia ya kale iliyogeuzwa uso. Kwa karne nyingi kilichosafiri baina ya delta ya Rufiji na Ghuba kilikuwa ni boriti. Mikoko iliyokatwa katika tope la Rufiji iliezekea nyumba za Arabuni na za Ghuba, na katika miji mingi upana wa chumba ulikuwa ni urefu wa boriti, wala si zaidi. Mwaka 1939 baharia Alan Villiers, mzaliwa wa Australia, alifika deltani ndani ya jahazi la Kuwait lililokuja kupakia miti hiyo, na safari yake akaieleza katika kitabu *Sons of Sindbad*, kilichotoka mwaka 1940. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi, na walioyapakia walisimama katika tope hadi mapajani. Siku hizi majahazi ya Ghuba hayaji tena kupakia. Wanaokwenda sasa ni watu wenyewe, na vinavyorudi ni vitu: simu, manukato, mablanketi, na mara moja koili nyekundu, iliyofika Unguja kwa ndege ndani ya begi la jirani, baina ya tende na nguo za watoto, ikavuka kwa boti hadi Dar es Salaam, ikapanda basi la kusini pale Mbagala Rangi Tatu, ikateremka Kibiti mikononi mwa utingo kama barua ya serikali.

Yafaa kusema koili ni nini, kwa kuwa kisa chote kinakaa ndani yake. Betri ya gari hutoa volti 12 tu, na volti 12 haziwezi kuruka hata upana wa ukucha. Ndani ya koili mna moyo wa chuma uliozungushiwa nyaya mbili. Waya mnene huzunguka mara mia chache. Waya mwembamba kama unywele huzunguka maelfu ya mara. Umeme wa betri ukipita katika waya mnene, chuma huwa sumaku. Pointi zikiachana, umeme hukatika kwa ghafla, usumaku huanguka, na kule kuanguka kwake ndiko kunakozaa katika waya mwembamba volti elfu kumi, elfu ishirini, hata zaidi. Kwa hiyo cheche haizaliwi na umeme unaopita. Huzaliwa na umeme unaokatika. Siri hiyo aliifichua Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831. Padri wa Ireland, Nicholas Callan, akaunda koili ya namna hiyo mwaka 1836. Na mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani Charles Kettering akaiunganisha na betri na pointi kwa ajili ya magari ya Cadillac. Mfumo wake ndio uliokuwa ndani ya Hilux ya mzee, karibu bila mabadiliko. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, jambo hilo la kukatika na kuzaa hutokea mara 100 katika kila sekunde.

Fundi wa mzee alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye gereji chini ya mkorosho, na alikuwa na tabia ambayo si kila fundi anayo: alipima kabla ya kufungua. Aliitazama koili nyekundu, akaisifu kwa adabu, kisha akachukua mita. Koili ya zamani ikasoma omu 3. Mpya ikasoma omu 0.7.

"Mzee wangu," akasema, "hii si ya gari hili."

"Imetoka kwa mwanangu."

"Naiheshimu kwa hilo. Lakini sikiliza hesabu yake. Volti 12 ukigawanya kwa 3 unapata ampea 4. Pointi zako zimezoea hizo. Ukigawanya kwa 0.7 unapata ampea 17. Pointi hazitavumilia. Hii inataka rizista ya kuzuia umeme kabla haujaingia, au inataka mfumo wa elektroniki usiokuwa na pointi kabisa."

"Basi tia hiyo rizista."

"Hapa Kibiti sina. Niagize Dar es Salaam, siku nne au tano. Na katika siku hizo niliangalie gari vizuri, maana kumisi huku sidhani kama ni koili. Kifuniko cha distributa sijakipenda."

Mzee akatazama jua. Mashua ya Mafia ilikuwa ikisubiriwa jioni hiyo, na barafu ilikwisha kupakiwa. Lakini haraka hiyo haikuwa sababu yote. Kijana aliyelelewa kwa pikapu hiyo hiyo, aliyelipiwa ada kwa pikapu hiyo hiyo, alikuwa ameinunua koili kwa mshahara wake, na Ijumaa ilikuwa kesho.

Fundi akaongeza neno moja, na ni neno la kukumbukwa. "Cheche haipangwi na koili, mzee wangu. Inapangwa na uwazi." Akamwonyesha plagi, na ule uwazi wa kiasi cha milimita 0.8 baina ya ncha zake mbili. Volti katika koili hupanda mpaka zitoshe kuuruka uwazi huo. Zikisharuka, hazipandi tena. Injini ile ya upole, yenye uwazi ule mdogo, labda huomba volti elfu kumi, au elfu kumi na tano. Koili ya 45,000 haitaipa 45,000. Itaipa ileile iliyoombwa, na nguvu nyingine itabaki akiba isiyokuwa na kazi. Wenye magari ya mashindano huihitaji, kwa kuwa injini zao hugandamiza hewa kwa nguvu na kuzunguka kwa kasi, na uwazi wa plagi zao huweza kuwa mkubwa zaidi. Gari la kubeba kamba halina ombi hilo.

"Funga," akasema mzee.

Fundi akafunga. Alitoa kwanza waya wa hasi wa betri. Akaweka alama kwenye nyaya ili chanya isije ikakaa mahali pa hasi, kwani koili iliyogeuzwa hutoa cheche bado, ila hudai volti zaidi kwa kazi ile ile. Akalegeza kikamatio, akaitoa koili ya zamani, nyeusi, yenye vumbi la miaka thelathini, akaiweka nyekundu, akakaza. Akazisugua pointi na kukipangusa kifuniko cha distributa. Kisha akaifunga ile nyeusi katika kitambaa pamoja na spana namba 10, akaisukuma chini ya kiti cha dereva.

"Hii usiitoe hapa, mzee wangu. Hata kama hutaiona kazi yake."

Gari likawaka kwa mara ya kwanza tu ya swichi. Mlio ulikuwa safi. Mzee hakusema kitu. Aliweka mkono juu ya boneti akauacha hapo kwa muda, kama mtu anayemgusa ng'ombe aliyepona. Ijumaa akampigia kijana kabla kijana hajampigia yeye.

Zilikuja siku nane za jua, na kwa siku nane gari halikumisi. Siku ya tisa ikanyesha.

Usiku huo pikapu ilikuwa ikitoka Nyamisati na maboksi matatu ya kamba, abiria tisa, na mmoja wao alikuwa mama kutoka vijiji vya deltani mwenye mtoto aliyechemka homa tangu asubuhi, akikimbilia kituo cha afya Kibiti. Kiasi cha nusu ya njia ya Bungu, injini ilijikwaa mara mbili, ikanyamaza. Katika mchanga ule, usiku, na mvua juu ya turubai, ukimya wa injini ni kitu chenye uzito. Mzee akageuza swichi. Akageuza tena. Nyuma watu waliacha kuongea.

"Baba," mama yule akauliza kwa sauti ya taratibu, "gari lina nini?"

"Lina zawadi, mwanangu," mzee akajibu, na hapana aliyecheka, kwa kuwa hapana aliyeelewa.

Mpwa wa mzee, ambaye ndiye aliyekuwa utingo wake, akamulika kwa simu. Koili nyekundu ilikuwa ya moto, haishikiki. Walipofungua distributa, pointi zilikuwa nyeusi, zimechimbika mashimo kama jino bovu. Ampea 17 zilikuwa zimezila polepole kwa siku tisa. Mvuvi mmoja akatoa kibiriti mfukoni, na kwa ubavu wa kibiriti hicho, ule wenye kukwaruza, mpwa akazisugua pointi hadi chuma kikaanza kuonekana. Uwazi wake akaukadiria kwa kipande cha kadi ya kliniki ya mtoto kilichokunjwa, alichopewa na mama bila kuombwa mara mbili. Kisha mzee akaingiza mkono chini ya kiti.

Koili nyeusi ilifungwa mahali pake kwa spana namba 10, gizani, na mtu wa miaka sitini na kitu aliyepiga magoti katika maji. Gari likawaka. Lilimisi kama zamani, likikohoa njia nzima, lakini likaenda, likafika lami, likafika Kibiti. Mtoto akapokelewa, akatibiwa, na siku ya tatu akarudi nyumbani mgongoni mwa mama yake. Kamba wa boksi mbili wakaharibika. Mzee aliwalipa wenye kamba kwa safari sita za bure, na hakumweleza mtu kwa nini.

Delta hii imewahi kushuhudia jambo la namna hiyo kwa ukubwa mwingine. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg iliishambulia na kuizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar. Baada ya hapo mitambo yake ikaharibika, nayo ikajificha katika matawi ya Rufiji. Vipande vya mitambo hiyo vilichukuliwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa hadi melini. Ilikuwa kazi ya kutisha, na jasho lake lilikuwa la watu ambao vita havikuwa vyao. Mitambo ikapona. Lakini kufikia hapo Waingereza walikuwa wamekaa milangoni pa delta, na meli yenye nguvu zake zote haikuwa na pa kutokea. Mwezi Julai 1915, ikipigwa na manowari mbili ndogo, Severn na Mersey, ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe ndani ya mto. Hapana aliyeweza kusema kwamba haikutengenezwa. Kilichokosekana ni uwazi wa kuipitisha nguvu ile.

Asubuhi fundi alipewa ruhusa aliyoiomba tangu mwanzo. Alikitoa kifuniko cha distributa akakigeuza juani. Ndani yake, baina ya tundu mbili, palikuwa na ufa mwembamba, na juu ya ufa huo mstari mweusi kama wa kalamu ya risasi. Ndiyo njia ambayo umeme ulikuwa ukiitoroka plagi. Unyevu na chumvi ya hewa ya deltani viliingia katika ufa. Kila mvua iliponyesha, cheche ilipata njia fupi ya kwenda kusikotakiwa. Koili yenye nguvu haikuuziba ufa huo. Iliupanua, kwa kuwa umeme mkubwa zaidi hutafuta upenyo kwa bidii zaidi. Kifuniko kipya, nyaya nne za plagi na pointi mpya vililetwa kutoka Gerezani, Kariakoo, na bei yake yote haikufika bei ya boksi moja la kamba. Pikapu ikaacha kumisi, na koili yake ikiwa ni ile ile nyeusi.

Ikabaki nyekundu, juu ya benchi la fundi, imepanguswa.

"Hii nzima, mzee wangu," akasema fundi. "Haina kosa. Nikipata rizista yake naweza kuiunga hata wiki ijayo, na haitaunguza kitu. Faida yake kwa gari hili itakuwa ndogo, lakini haitadhuru."

Mzee akafikiri. "Ifunge hapo ubavuni, karibu na ile nyingine."

"Na waya?"

"Waya wacha."

"Nifunge bila waya?"

"Nimekwambia ufunge, mwanangu. Sikusema uunge."

Fundi akatoboa tundu mbili, akatia bolti mbili na kikamatio, akaikaza koili nyekundu ubavuni mwa injini, mahali ambapo kila atakayeinua boneti ataiona kwanza. Ncha zake mbili za shaba, chanya na hasi, zikabaki safi, hazikushikwa na kitu.

Ijumaa simu ikalia.

"Koili vipi, baba? Imefungwa?"

"Imefungwa, mwanangu."

"Na gari bado linamisi?"

Mzee akanyamaza kidogo. "Gari, hapana."

Kuna watakaosema mzee alidanganya, na katika lugha nyingine huenda angelazimika kudanganya kweli, kwa kuwa angelazimika kuchagua neno. Lakini watu wa pwani wana jina la zamani la usemi wa namna hii, na wameutungia mashairi kwa miaka mingi. Hulikiita fumbo. Uongo humfungia msikilizaji mlango. Fumbo huufunga mlango huo huo lakini huacha ufunguo juu ya kizingiti, kwa yule atakayejali kuunyooshea mkono. Yule mzee hakuwa mshairi, wala hakudai kuwa. Alijua tu kwamba akisema "koili yako iliniacha njiani na mtoto mgonjwa," maneno hayo yangevuka bahari yakafika Muscat yakiwa mazito kuliko yalivyotoka Kibiti, na kijana angekaa nayo peke yake katika chumba cha watu wanane. Na alijua vilevile kwamba akisema "ninachokitaka si koili," angekuwa ameomba kitu ambacho mshahara wa kijana haukitoshi. Basi alijibu swali la gari, na lile lingine akaliacha limening'inia pale lilipo, ncha zake zikiwa safi.

Kijana alirudi mwaka 2014, siku za Idi, kwa likizo ya wiki mbili. Alisalimia, akala, akalia kidogo kwa mama yake, kisha kama ilivyo ada ya watu wa kazi yake, akatoka nje kulitazama gari. Akainua boneti. Mzee alikuwa amekaa kwenye baraza na kikombe cha kahawa, akitazama kwingine.

Kidole cha kijana kilianzia kwenye betri, kikafuata waya hadi swichi, kikarudi hadi kwenye koili nyeusi, kikapita hadi distributa. Halafu kikaja juu ya koili nyekundu, kikagusa ncha ya kwanza, kikagusa ncha ya pili. Hakukuwa na waya wala alama ya waya. Kidole kikakaa hapo. Kuku walipita. Mzee akakunywa funda moja la kahawa, na kikombe kikagonga sahani yake.

Kijana akaishusha boneti taratibu, akaisukuma kwa viganja viwili mpaka ikakamata.

"Kweli, baba," akasema. "Imefungwa."

Akaja akakaa barazani, karibu na baba yake, akamiminiwa kahawa. Kesho yake asubuhi wakaenda wote wawili kwa fundi, kuuliza bei ya rizista.